Mume wangu amefungiwa miaka kumi nje ya Marekani: nilipe wakili ama nijaze fomu ya waiva mwenyewe?

SWALI

Habari yako dada. Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu bila kusema kitu na leo nimeamua kuandika manake nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nafanya kazi kwa nyumba ya wazee shifti ya usiku na mchana nasomea unesi pole pole, niko na watoto wawili na mume wangu yuko Nakuru.

Yeye alikuja huku 2013 na viza ya shule. Akasoma kama miaka miwili karo ikamshinda, babake alikuwa amesema atauza shamba na shamba likaingia kesi, basi akaacha chuo akaanza kazi. 2017 kuna makaratasi alipeleka uhamiaji akiomba arudishiwe uanafunzi wake yakakataliwa, lakini yeye anasema hio haikuwa kitu. Tukaoana 2018, mimi wakati huo nilikuwa na grini kadi tu. Machi 2021 mamake akazidiwa, akapanda ndege akaenda, akamzika na hajarudi mpaka leo. Mimi nikapata uraia 2022 nikamwombea, ile fomu ya kwanza nilijaza mwenyewe na ikapita, tukangoja na kungoja, Agosti 2025 akaitwa intavyu ubalozini Nairobi. Ofisa alikuwa mpole tu, akamuuliza uliishi Marekani mpaka lini na ulikuwa na karatasi gani, mwisho akamwambia sheria inakufungia miaka kumi, akampa karatasi ya kukataliwa na imewekwa alama kwamba anaweza kuomba waiva ya ugumu, yani msamaha kwa sababu ya mateso ya familia, kwa fomu I-601.

Sasa dada hapo ndo nimekwama. Wakili mmoja wa Minneapolis ametuitisha dola 6,500, nusu mwanzo, na ada ya serikali kando. Kuna mzee kanisani amesaidia watu wengi na makaratasi, si wakili lakini ni notari, anasema dola 900 atajaza kila kitu ila tusimtaje popote. Mume wangu anasema fomu ni fomu, kama nilijaza ya kwanza ikapita kwani hii nayo ni nini, hizo pesa bora nimtumie amalizie nyumba. Shemeji yangu naye anasema waiva ni kupoteza wakati, mume wangu aende Brazil apande mpaka Mexico aingie kama vile wengine wameingia. Wifi yangu anasema kama ningekuwa namtaka kakake ningeshalipa zamani. Mamangu anasema nisiuze hata sufuria kwa sababu ya mwanaume aliyejipeleka mwenyewe eapoti.

Niko na akiba ya dola 4,000 na chama chetu wamesema watanishika mkono. Deni la shule liko pale pale.

Nimeanza kuandika ile barua ya ugumu, nimefika kurasa nne, nimeeleza vile nampenda na vile nyumba imekuwa bila yeye, nilimsomea rafiki yangu akalia. Mtoto mdogo ana miaka sita, ana pumu, nikienda kazi usiku namwachia jirani na kuna siku nimeitwa kazini ameshapelekwa hospitali. Mkubwa ana miaka kumi na moja, ni wa ndoa yangu ya kwanza, babake humchukua wikendi kwa amri ya korti. Na mimi daktari alinianzishia dawa za msongo mwaka juzi, lakini hio nakuambia wewe tu, kwetu ukisema unameza hizo dawa wanasema umerukwa na akili.

Niambie ukweli dada, nilipe wakili ama nitakuwa nimechoma pesa ya watoto?

Mama Wawili, Minnesota

JIBU

Mama Wawili, pole sana, na asante kwa kuandika yote bila kuficha. Nikujibu kwanza halafu nieleze: ndio, kesi yenu inahitaji wakili. Lakini usitoe zile 6,500 wiki hii, kuna kitu kidogo cha kufanya kwanza ambacho kinaweza kubadilisha kila kitu, na hicho kitu hakigharimu hata dola moja. Mimi si wakili, ila nimekaa na familia nyingi za huku wakipanga haya makaratasi na nimeona ni wapi mambo huharibikia.

Nianze na shemeji nimalizane naye. Mtu ambaye ameishi Marekani bila ruhusa zaidi ya mwaka mmoja kwa jumla, akatoka, halafu akaingia ama akajaribu kuingia kwa kukwepa mpaka, huyo anafungiwa maisha. Hii miaka kumi yenu inaombewa waiva kwa sababu mke ni raia, ile nyingine haigusiki na I-601 yako hata ulie vipi, lazima kwanza akae nje miaka kumi ndo aruhusiwe hata kuomba ruhusa ya kuomba. Mwambie mumeo hilo kwa simu leo hii, na umwambie kwa sauti ya mke si ya kubembeleza.

Sasa twende kwa ile kitu iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Hii adhabu ilitoka kwa sheria ya 1996 na ikaanza kuhesabu 1 Aprili 1997: ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka ukatoka, unafungiwa miaka mitatu, ukikaa mwaka ama zaidi ukatoka, miaka kumi. Hizo siku zinaitwa siku za kukaa kinyume cha sheria, na hapa watu wengi hawajui, hazihesabiwi sawa kwa kila viza. Aliyekuja na viza ya kutembea amepewa tarehe kwenye I-94 yake (rekodi ya kuingia nchini), ikipita tu siku zinaanza kukimbia. Lakini mwanafunzi kwa kawaida hapewi tarehe, anaandikiwa D/S, maana yake akae muda wote anaosoma. Akiacha chuo amevunja masharti ya viza, hilo ni kweli, ila siku zile za adhabu hazianzi kuhesabiwa hivi hivi, zinaanza USCIS (idara ya uhamiaji) wakitoa uamuzi rasmi kwamba amevunja masharti wakati wanaamua ombi fulani, ama jaji wa uhamiaji akitoa amri. Serikali ilijaribu kubadilisha hii hesabu kwa wanafunzi mwaka 2018 na korti ya North Carolina ikawazuia 2020, kwa hivyo tukarudi kule kule kwa zamani.

Unaona sasa kwa nini sikubali mumeo akisema ile karatasi ya 2017 haikuwa kitu? Hio karatasi ndo kesi yenyewe. Kama ni uamuzi kamili unaosema tumekunyima kwa sababu ulivunja masharti ya uanafunzi, basi siku zilianza kuhesabiwa kesho yake, kutoka 2017 mpaka Machi 2021 ni zaidi ya miaka mitatu, ubalozi uko sawa na mnahitaji waiva. Lakini kama ilirudishwa tu kwa posta kwa sababu ada haikutosha ama sahihi ilikosekana, bila mtu kuamua chochote, wakili mzuri anaweza kuwa na hoja kwamba adhabu ya miaka kumi haimhusu kabisa. Sikupi matumaini ya bure, maofisa wa ubalozi huwa na sababu yao na yeye mwenyewe umesema yalikataliwa. Nasema tu kwamba inawezekana unajipanga kulipa maelfu kuombea msamaha siku ambazo kisheria hazikuhesabiwa, na hakuna mjaza fomu wa dola 900 atakayekuuliza hilo swali.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuitafuta hio karatasi. Akiwa hana, aombe nakala ya faili lake lote kutoka USCIS kwa njia ya FOIA (sheria ya kuomba rekodi za serikali), inafanywa mtandaoni, ni bure kwa faili ya mtu mwenyewe, na wewe unaweza kumsaidia kwa idhini yake. Inaweza kuchukua wiki ama miezi, ndo maana usingoje.

Kazi ya pili, soma karatasi ya ubalozi uone imeandika kifungu gani. Ile ya miaka kumi ni 212(a)(9)(B)(i)(II). Ukiona pia 212(a)(6)(C)(i), hio ni ya kudanganya ili kupata viza ama kuingia, nayo inaombewa kwa fomu hio hio lakini inataka maelezo tofauti kabisa. Na kuna swali moja la kumuuliza mumeo ukiwa umekaa vizuri, bila hasira: kwa zile kazi alizofanya baada ya kuacha shule, kuna mahali alijaza fomu I-9, ile ya mwajiri kuhakikisha una ruhusa ya kazi, akaweka alama kwamba yeye ni raia wa Marekani? Wengi wetu huku waliweka hio alama bila kujua uzito wake. Kudai uraia kwa uongo ni kifungu kingine, na kwa mtu anayetaka grini kadi hakina waiva. Ubalozi haukuandika hivyo, mmepewa njia ya waiva, basi ni dalili nzuri, lakini wakili lazima ausikie ukweli wote ndani ya ofisi yake kabla hajaandika neno. Asiyeambiwa ukweli hawezi kukukinga.

Tuje kwa barua yako ya kurasa nne. Mamangu, usiichane, ila ujue inaenda kwa nani. Kwa adhabu hii sheria inaangalia ugumu wa mume ama mke, au mzazi, ambaye ni raia ama ana grini kadi. Kwenu ni wewe peke yako. Watoto hawamo kwenye hio orodha, na hapo ndo watu wengi wanaumia, wanajaza kurasa za mtoto anavyomlilia baba na ofisa anasoma akitafuta mke ako wapi. Shida ya mtoto inaingia ikipitia kwako: pumu ya mdogo inakufanyia nini wewe, umekosa shifti ngapi, umeacha masomo mara ngapi, bili ni za nani, usiku akizidiwa na wewe uko kazini nani anafanya uamuzi. Halafu huo ugumu lazima upite kiwango. Kumkosa mume, upweke, gharama za nyumba mbili, hayo yote sheria inayaona kama maumivu ya kawaida ya familia iliyotengana. Najua yanauma kusoma hivyo. Lakini yakijumlishwa na mengine yanapata uzito, na ofisa anatakiwa aangalie yote kwa pamoja.

Na wewe mengine unayo, sema umeyaandika kama mtu anayepita tu barabarani. Ile sentensi ya mtoto mkubwa na amri ya korti, umeipa mstari mmoja! Ofisa huwa anajiuliza maswali mawili, mke akibaki Marekani bila mume itakuwaje, na mke akimfuata mume Kenya itakuwaje. Kwa hilo la pili wewe una jibu ambalo wake wengi hawana. Minnesota huwezi kumhamisha mtoto nje ya jimbo kama babake ana haki ya kukaa naye, mpaka babake akubali ama korti ikuruhusu. Maana yake kumfuata mumeo Nakuru ni kumwacha mwanao wa miaka kumi na moja. Weka nakala ya hio amri mbele kabisa, na kama mnaongea vizuri na babake omba barua yake inayosema hatakubali mtoto ahame.

Alafu zile dawa. Nimeelewa kwa nini hutaki ijulikane na sitakulaumu, najua tunavyosemana. Lakini faili ya uhamiaji haisomwi kanisani wala chamani, inasomwa na ofisa asiyekujua, na rekodi za daktari aliyekuanzishia dawa mwaka juzi zina nguvu kuliko karatasi yoyote utakayolipia leo. Mtu akienda kwa saikolojisti mara moja tu, wiki moja kabla ya kutuma fomu, ofisa anaona. Wewe una historia ya matibabu iliyoanza kabla hata ya kukataliwa ubalozini, iliyoandikwa na daktari ambaye hakuwa anafikiria waiva. Ukinyamaza kuhusu hilo utakuwa umeacha nje kitu kizito zaidi kwa upande wa kubaki bila yeye. Na tafadhali, waiva iwe haiwe, usiache hizo dawa bila kuongea na daktari wako.

Weka pia deni la shule na mshahara wako, na ueleze kwa hesabu ungelipaje hilo deni na mshahara wa Nakuru. Tafuta bei na upatikanaji wa matibabu ya pumu pale Nakuru, barua ya daktari wa huko inasaidia kuliko wewe kusema tu hospitali zetu ni mbaya. Na kwa kuwa mtoto mdogo ni wenu wawili, eleza kwamba baba alipoondoka malezi ya usiku yalihamia kwa jirani, miongozo ya USCIS yenyewe inataja kuhama kwa malezi ya watoto wa mwombaji kama jambo la kupewa uzito wa pekee.

Sasa ndo nirudi kwa swali lako, wakili ama mwenyewe. Sheria haikulazimishi kuwa na wakili, na nimeona mtu akishinda mwenyewe: tarehe zake zilikuwa wazi, kifungu kimoja tu, mke mgonjwa wa figo na rekodi za hospitali za miaka, na Kiingereza cha kuandika anakiweza. Mtu wa aina hio anaweza kukusanya, kupanga, akamlipa wakili saa mbili amkagulie na akatuma. Nyinyi mko na viza ya mwanafunzi, uamuzi wa 2017 ambao haujasomwa, na amri ya korti ya familia. Ile fomu ya kwanza uliyojaza ilikuwa inauliza kama mmeoana kweli, hii inauliza kama serikali inapaswa kumsamehe, na nyuma ya hizo kurasa za fomu kuna barua ya hoja na ushahidi unaoweza kufika mamia ya kurasa. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Na angalia muda. Miaka kumi inahesabiwa kutoka alipoondoka, inaisha Machi 2031. I-601 inachukua zaidi ya mwaka mara nyingi, hata miaka. Ikikataliwa kwa sababu ushahidi ulipangwa vibaya, unaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 ama kuanza upya na ada mpya, na ukifanya hivyo mara moja tu utajikuta umekaribia 2031 na adhabu inaisha yenyewe, pesa zimeenda na miaka imeenda. Kwa hivyo mna nafasi moja ya maana, na hio ndo sababu nasema lipia kichwa cha mtu anayeijua hii kazi.

Huyo mzee wa kanisani mheshimu kama mzee lakini faili usimpe. Kwetu Kenya notari ni wakili, huku notari ni mtu wa kushuhudia sahihi tu, hana ruhusa ya kukushauri mambo ya uhamiaji. Kwenye fomu kuna sehemu ya aliyekuandalia kuandika jina lake na kusaini, na anayechukua pesa zako akasema asitajwe popote ameshakuambia kila kitu unachohitaji kujua. Akikosea yeye hayumo, walioandikwa ni nyinyi, na kosa linaweza kusomwa kama uongo wa mumeo.

Wanaoruhusiwa huku ni wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani, manake hii ni sheria ya nchi nzima si ya jimbo, ama mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa. Kwa sababu kipato chako ni cha nyumba ya wazee, kabla ya kulipa mtu piga simu Immigrant Law Center of Minnesota uwaulize kama unatosheleza masharti yao na kama wanachukua waiva. Wakikataa hujapoteza kitu.

Halafu lipia ushauri wa kwanza kwa mawakili wawili tofauti, yule wa 6,500 awe mmoja wao. Nenda na karatasi ya ubalozi, I-94 ya zamani, karatasi ya 2017 kama imepatikana, amri ya korti, na mumeo awe kwenye simu. Nyamaza kwanza usikilize anauliza nini. Wakili anayejua hii kazi atauliza mwenyewe kuhusu D/S na ile 2017 bila wewe kumchokoza, na asipouliza mpaka mwisho wa saa basi mshukuru uondoke. Muulize ameshafanya I-601 ngapi za watu waliokataliwa ubalozini, nani hasa ataandika ile barua ya hoja, ni yeye ama msaidizi, na kama USCIS wakiitisha ushahidi zaidi hio kazi iko ndani ya bei ama ni bili nyingine. Rufaa je? Saikolojisti je? Leseni yake mtafute kwenye tovuti ya mahakama ya jimbo lake. Akikuahidi ushindi toka. Akikuambia mtaushtaki ubalozi mtashinda, pia toka, manake Mahakama Kuu ya Marekani Juni 2024 iliamua kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake apewe viza, kwa hivyo huo mlango ni mwembamba sana.

Bei ya 6,500 kwa waiva yenye mambo kama yenu sio ya kushangaza, lakini si amri kutoka mbinguni. Omba ilipwe kwa hatua: kiasi cha kusoma faili na kusema kama waiva inahitajika, kiasi cha kuandika, kiasi siku ya kutuma. Omba pia bei ya kazi pungufu, yani wewe ukusanye ushahidi wote, upange, utafsiri vya Kiswahili na Kikuyu (mtu yeyote anayeijua lugha hio pamoja na Kiingereza anaweza kutafsiri mradi asaini tamko kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na anaziweza hizo lugha), na yeye afanye hoja na fomu tu. Mawakili wengine wanakubali na bei inashuka vizuri. Mkataba uwe umeandikwa na umesainiwa. Kando ya wakili weka ada ya fomu, tangu Aprili 2024 ni dola 1,050, na weka kitu cha ripoti ya saikolojisti kama wakili ataona inafaa. Akiba yako ya 4,000 na mkono wa chama vinaweza kubeba hizi hatua bila kugusa kodi ya nyumba, mradi hutoi zote siku moja. Chamani waambie unachangisha ya wakili inatosha, sababu za ndani usizianike.

Ile nyumba ya Nakuru isimame kwa sasa, na hilo aamue mumeo mwenyewe akwambie kwa mdomo wake, si wewe umkatalie. Akitaka kurudi na yeye ana kazi ya kufanya: aandike maelezo yake, atafute cheti cha tabia njema cha DCI, barua za watu wanaomjua, na aseme ukweli kuhusu miaka yake ya Marekani. Waiva ni uamuzi wa hiari ya ofisa hata ugumu ukithibitika, wanaangalia pia huyu mtu ni wa aina gani. Wifi yako akirudia maneno yake mwambie faili linahitaji barua kutoka familia ya mume, aandike.

Na kwa wengine mnaosoma mkiwa na mwenzi ambaye bado yuko ndani ya Marekani: asitoke kabla hamjaongea na wakili, hata kama kuna msiba. Aliyeingia na viza akapitiliza muda, mwenzi wake akiwa raia, mara nyingi anaweza kupata grini kadi akiwa huku huku bila waiva yoyote, adhabu inaanza tu anapovuka kutoka. Aliyeingia bila kukaguliwa naye kuna fomu I-601A, ilianza 2013 na ikapanuliwa 2016 hata kwa familia za wenye grini kadi, inaombwa mtu akiwa bado ndani ndo aende intavyu akijua USCIS imeshakubali.

Mama Wawili, mpigie mumeo kabla hujaenda shifti, muulize ile barua ya 2017 iko wapi, na kama haipo mfungue ombi la faili usiku huu huu. Ukishapata tarehe ya kuonana na wakili wa kwanza niandikie tena, uniambie karatasi ya ubalozi imetaja vifungu gani, ila jina na namba za kesi uzifute kwanza.